Nimemgusa Tu

BINTI: Haloo? Ni nani mwenzangu? Sikusikii, ngoja nihamishe simu sikio la pili... Haya, sema.

FUNDI: Kila siku wahamisha sikio, kama nyoka ahamaye shimo! Ni baba yako. Nimeazima simu ya kinyozi, salio lenyewe dogo.

BINTI: Shikamoo baba.

FUNDI: Marahaba. Nataka neno la Kiingereza, upesi.

BINTI: Niko kazini baba, mapokezi yamejaa watu. Kamusi yako je?

FUNDI: Inanipa mengi mno. 'Pat', 'tap', 'slap'... Mimi nataka lile jepesi.

BINTI: Jepesi la nini?

FUNDI: La... mkono kumfikia mtu.

BINTI: Umempiga nani?

FUNDI: Sikupiga! Nimemgusa tu. Mwalimu wetu wa masomo ya jioni.

BINTI: Mwalimu?! Yule kijana wa—

FUNDI: Nisikilize! Mkuu anataka barua kabla ya saa sita, kwa Kiingereza, nieleze nilichofanya. La sivyo sifanyi mtihani. Miaka minne, mwanangu! Natoka karakana na vumbi la mbao kichwani, naingia darasani.

BINTI: Kwani alikufanya nini?

FUNDI: Nilijibu swali, tena sawasawa. Akanipapasa kichwa. 'Good boy.' Mimi, na mvi zangu! Darasa zima kicheko. Hata mshona viatu, ambaye hajui kusoma jina lake.

BINTI: Ukamzaba kofi.

FUNDI: Miwani ilianguka. Akaiokota, akaifuta kwa shati, akasema, "Tuendelee, ukurasa wa arobaini." Na vidole vyangu vyote viko shavuni mwake. Heri angenitukana.

BINTI: Basi andika 'slap'.

FUNDI: 'Tap' haifai?

BINTI: 'Tap' ni kugonga mlango wa mkwe, baba.

FUNDI: Nilidhani utanisaidia, kumbe—

BINTI: Hilo "nimemgusa tu" nalijua. Ndivyo ulivyomwambia mama, siku ya matokeo yangu. Yeye ananikanda shavu kwa maji ya chumvi, wewe umesimama mlangoni.

[Mkwaruzo.]

FUNDI: Haloo? Upo?

BINTI: Nipo.

FUNDI: Yale si ya zamani, mama?

BINTI: Kwa nini nahamisha simu, baba?

FUNDI: Hukuniambia.

BINTI: Ungesema umenigusa tu.

[Karatasi inakunjuliwa.]

FUNDI: Nitajie herufi.

BINTI: S. L. A. P.

FUNDI: Nimeandika. Sasa sentensi ya pili.

BINTI: Ya pili ya nini? Mwalimu si mmoja?

FUNDI: Hii si ya mwalimu. Hii naiandika kwa Kiswahili, karatasi ya peke yake. Ni sikio lipi?

BINTI: Baba, acha, watu wananingoja—

FUNDI: Lipi, mama? Salio la watu linakwisha.

BINTI: La kushoto.

FUNDI: La kushoto. Naandika. "Mwanangu, nilikupi—"

[Simu imekatika.]

BINTI: Baba? Baba, nakusikia. Malizia.