Kamba Nyekundu Kando ya Roketi

Mbele ya duka la Mama Adolphine, pale Grant Street, huku ugenini, kuna benchi la mbao ambalo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa tofali. Jumamosi hukaa hapo waliotoka zamu ya asubuhi, wakinywa kahawa ya tangawizi ya mama huyo. Bisimwa tunamwita Redio, kwa sababu hazimiki. Nshombo ni Avoka, yaani wakili, ingawa kesi zake zote anazisikilizia hapo hapo benchini. Zenoni, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, hana jina la utani. Yeye ni mtu wa kusikiliza. Lakini Jumamosi hiyo neno lilikuwa lake. Mgongo wake umechoka na maboksi ya ghalani, na jumba moja la makumbusho limekubali kumpa kazi ya kufuta vumbi kwenye kipande cha roketi ya zamani. Alitakiwa ajibu kwa simu siku hiyo hiyo, kabla ofisi haijafungwa.

— Eleza tena, alisema Redio. Ile roketi ilienda ku mwezi?

— Haikwenda. Ni kile kipande cha chini, chenye injini. Walikitengeneza, halafu safari ikafutwa. Kimelazwa ukumbini, kirefu kuliko duka hili.

— Donc, basi, haikuruka.

— Haikuruka.

— Na habakuitupa.

— Wameitunza, kaka. Ni historia yao.

Redio akawageukia wengine.

— Mumesikia? Kintu ilitengenezwa itoe moto, ikakataa, bakaiingiza mu nyumba!

— Iko na mafuta? aliuliza Avoka.

— Wanasema ni tupu.

— Nani alichungulia?

Zenoni akapuliza kahawa yake.

— Hilo sikuuliza.

— Na pembeni baliweka nini? Mama Adolphine aliuliza kutoka mlangoni.

— Kamba. Kamba nyekundu, na kibao: usiguse.

Kule kwetu Kivu, vita vilipopita mashambani, walikuja watu wenye kofia ngumu, wakazungushia kamba nyekundu kila chuma kilichoanguka bila kulipuka. Watoto walifundishwa shuleni, na wengine kambini: ukiona kamba, simama, kisha rudi kwa nyayo zako zile zile.

— Ndugu yangu, Redio alisema polepole, wewe ulisimama wapi?

— Karibu na mlango.

— Munaona! Mwili yake ilijua!

— Bon, alisema Avoka. Hapa beko na mashine ya kufuta kila kitu. Hata sakafu ya ghala inajifutaka yenyewe. Juu ya nini hii moja batafute mutu? Tena mutu wa kambi, mwenye haulizake?

— Mi nawaambia, safari haikufutwa, alisema Redio. Inangojea. Siku moja batabonyeza kule Washington, paa ifunguke, roketi iende, na Zenoni juu yake na kitambaa!

Wakacheka wote, isipokuwa mwenyewe.

— Msinicheke. Nikirudi ghalani Jumatatu, mgongo huu hauufikii mwisho wa baridi. Mke wangu Florida ameshawaambia watoto kwamba baba hatainama tena.

— Mgongo inauma, lakini unayo, alisema Mama Adolphine. Ile roketi ikikulipukia, Florida atawaambia batoto nini?

Zenoni akairudisha simu mfukoni.

Immaculée, mdogo wake Mama Adolphine, alikuwa amefika jana yake kutoka Shively, kule Louisville. Muda wote alisimama na birika mkononi.

— Yaya, munisamehe, mi ni mugeni, alimwambia dada yake. Mule mu makumbusho, nani anaingiaka?

— Watu wote, alisema Zenoni. Siku niliyokwenda, mabasi ya shule yalijaa mlangoni. Watoto wadogo kabisa, wameshikana mikono, mwalimu akawapanga kando ya kamba.

— Na kwetu, penye balifunga kamba, mulishaona mwalimu analeta batoto batazame?

Mama Adolphine akampokonya mdogo wake birika, akaanza kumimina kahawa kwenye vikombe ambavyo bado vilikuwa vimejaa.

Zenoni akasimama, akapiga simu. Tulimsikia akiitika kwa Kiingereza chake cha ghalani, kisha akauliza jambo huku kidole chake kikichora duara hewani. Akasikiliza sana. Akashukuru.

— Umebaambia nini? aliuliza Redio.

— Nimekubali. Nikawauliza habari ya kamba.

— Banasema?

— Wanasema asubuhi nitaifungua mimi, jioni nitaifunga mimi.

Redio akasogea mpaka ukingoni mwa benchi, akamwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

— Kaa, muzee, alisema. Lakini mbali kidogo na mimi.