Miaka Tisa Iliyoitwa Muda Mfupi

Padri, jamaa na waombolezaji, historia hii inasomwa na Phanice, mtoto wa pili wa marehemu, ambaye kamati ya mazishi ilimwagiza juzi aandike kwamba mama aliaga baada ya kuugua kwa muda mfupi, naye amelikata neno hilo kwa kalamu, kwa sababu muda huo mfupi ulikuwa miaka tisa na kila aliyeketi chini ya hema hili anajua.

Marehemu Teresia Kemunto Ogari alizaliwa tarehe 14 Machi 1953 huko Marani, akamaliza shule ya msingi mwaka 1967 na sekondari 1971, akahitimu ualimu 1973, kisha akafundisha hesabu katika shule za Kisii na Nyamira hadi alipostaafu Desemba 2008, mwalimu wa kuogopwa aliyepata jibu kichwani kabla mwanafunzi hajaokota chaki. Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na marehemu Nehemiah Ogari wa Nyamache, wakajaliwa watoto watatu, Mathew, Phanice na Ian.

Tarehe 9 Juni 2011 alipatikana na kisukari, akapewa dawa na maagizo, apunguze sukari, soda na mkate mweupe, ale mboga, atembee kila siku. Hapo ndipo upendo wa watu ulipofurika, jumuiya ya kanisa ikaja kumwona mgonjwa ikibeba sukari kilo mbili mbili, mikate na soda, ikakaa kumtazama mpaka amalize kikombe, kwa kuwa kumpa mwalimu chai kavu ni kumdharau. Mathew alifika kila Desemba kutoka Nairobi na kreti mbili za soda, akipigwa picha, na Phanice alipozificha akaambiwa naye mbele ya wageni, "Wewe unamnyima mama chakula ndio afe uchukue shamba ya majani chai." Phanice naye asijifanye malaika, alichoka kugombana, akaanza kumkorogea vijiko vitatu vya sukari kama wengine.

Mwezi wa Aprili 2016, ndipo ile miaka tisa ilipoanza, mama alianza kusahau, kwanza sufuria motoni, halafu njia ya kanisani, halafu majina ya watoto wake. Mwaka 2018 daktari alieleza kwa subira kwamba si kila mwenye kisukari hupotewa na kumbukumbu, ila sukari ikikaa juu miaka mingi huumiza mishipa midogo inayolisha ubongo, na hatari huongezeka. Jamaa waliitikia kwa kichwa kwa heshima, wakatoka nje wakanywa soda.

Majirani walikuwa na uchunguzi wao wenyewe. Tarehe 2 Agosti 2021, saa nane mchana, mama alikutwa kwenye migomba ya watu akiwa na shimizi tu, akiita majina ya wanafunzi wa mwaka 1982, na bila kipimo chochote ikaamuliwa kwamba ni mchawi. Kufikia saa kumi wanaume walikuwa langoni na petroli, baadhi yao aliwafundisha kujumlisha, na wawili wameimba hapa asubuhi hii kwa sauti tamu sana. Aliyesimama kati yao na mlango hakuwa ndugu wala mwanajumuiya, alikuwa Rispa Osewe, mama wa Homa Bay anayeuza omena, dagaa wa ziwani, sokoni Nyakoe, na hakuondoka mpaka chifu alipofika.

Mama alipatwa na kiharusi tarehe 7 Februari 2025, akafariki tarehe 11, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Phanice, ambaye mama hakumtambua tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliosema ukweli bila kusikilizwa, walimu wenzake waliokuja mikono mitupu wakakaa naye, na Rispa kuliko wote. Majirani wengine watashukuriwa watakapokuja kuomba msamaha, na wasichelewe, maana Phanice alipimwa wiki jana akakutwa na kisukari, naye pia ipo siku anaweza kupotea kwenye migomba yao.

Teresia Kemunto Ogari hakuwa mchawi, alikuwa mgonjwa. Pumzika sasa, Mwalimu, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.