Historia ya Kaa Hapa, Aliyekataa Kujua Peke Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, familia imenituma nisome historia yake, na mniwie radhi mapema, maana karatasi hii imepita mikononi mwa watu waliotaka nipunguze maneno, na sikupunguza hata moja.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1979, katika zahanati ya nyuma ya soko, binti wa pili na wa mwisho wa mama yetu mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992, akamaliza sekondari 1998, kisha akasomea uandishi wa programu za kompyuta, akahitimu tarehe 29 Novemba 2002, na kusema kweli hakuwa wa kwanza darasani, kwa sababu kila mtihani ulipokaribia chumba chake kilijaa wenzake aliokuwa akiwaelekeza, wengine wakampita, wala hakununa.

Tarehe 3 Februari 2003 aliajiriwa na kampuni inayotengeneza mfumo wa kutolea dawa hospitalini, akamkuta fundi mmoja, waliyemwita Kufuli, aliyeujua mfumo mzima na hakumwonyesha mtu, hadi Julai 2005 alipogombana na wakubwa akaondoka na kila kitu kichwani, wiki iliyofuata mfumo ukazima, siku tisa hospitali haijui mgonjwa yupi anapewa dawa gani, na kwenye foleni ile alikuwemo mama yetu, aliyerudi mikono mitupu siku tatu mfululizo bila dawa ya presha, siku ya nne akapooza upande wa kulia, hakugusa cherehani tena hadi anaingia kaburini. Mdogo wangu hakulisahau hilo, na mimi sijalisamehe.

Tangu hapo hakukubali kujua jambo la kazi peke yake, akitengeneza kitu anaandika alivyokitengeneza, kwa maneno ya mtu yeyote, na kila Jumatano anainuka kitini, anamvuta mwenzake, anamwambia kaa hapa, ushike wewe, mimi nitazame tu, ndiyo maana ofisi nzima ikamwita Kaa Hapa. Wapo waliomcheka kwamba anajitafutia kufukuzwa, na tarehe 8 Machi 2016 alipewa barua ya onyo kwa kupoteza muda wa kampuni, ninayo hapa mkobani, na kesho yake, ikiwa Jumatano, akainuka kitini kama kawaida. Cheo alinyimwa mara tatu. Meneja aliyesaini barua ile yuko nasi msibani, karibu sana baba, kaa vizuri, usijikunyate.

Alifunga ndoa tarehe 19 Agosti 2006 na shemeji yangu, dereva wa gari la wagonjwa, mwanafunzi pekee aliyemshinda, maana kompyuta hadi leo anaiwasha kwa woga, wakajaliwa binti mwaka 2008 na mvulana mwaka 2012.

Machi 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini, akalazwa katika hospitali ileile tarehe 2 Oktoba, na asubuhi ya tarehe 6 Novemba mfumo ulizima, meneja akapanda mbio hadi wodini, kompyuta kwapani, anataka mgonjwa amweleze pa kushika, muuguzi akamzuia mlangoni, na wakati wanabishana simu ya meneja ikaita, mabinti watatu wa ofisini wamekwisha kuurekebisha, kwa kufuata alichowaandikia. Jamani, mdogo wangu alicheka! Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba, saa tatu asubuhi, na ghorofa ya chini foleni ya dawa ilikuwa inatembea.

Jana ofisi yake imetuletea karatasi, niseme hapa kwamba ameacha pengo lisilozibika kazini. Sisemi ng'o. Miaka kumi na minane amehangaika pengo hilo lisiwepo, mkamwandikia onyo, leo mnataka nimtukane mbele ya jeneza lake?

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, hasa yule wa mlangoni, majirani mliotupikia na kutushika, na wafanyakazi wenzake, hasa mabinti wale watatu, simameni tuwaone.

Mdogo wangu, pengo umetuachia sisi, mumeo, wanao, na mimi niliyebaki peke yangu kwa mama, na kwa hili hukutuandikia pa kuanzia. Lala, mdogo wangu, upumzike kwa amani.