Mama Mlango na Maneno Niliyoyaacha Pembeni

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mhudumu wa mlango wa Chumba cha Tatu anastaafu baada ya kulitumikia tamasha letu la michezo midogo ya kuigiza kwa miaka ishirini na sita. Sote tunamwita Mama Mlango, hata waliomzidi umri. Kamati imeniomba mimi, mkuu wa ratiba, niandike wasifu wake kwa jarida la wafanyakazi, uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kuchangamsha nitajitahidi. Ufupi siahidi.

Kwa wasiokijua Chumba cha Tatu, zamani kilikuwa ghala la viatu. Kina viti arobaini vya kukunja na feni moja tunayoizima mchezo ukianza, maana ina sauti kuliko waigizaji. Humo huigiza wale ambao ukumbi mkubwa hauwataki: wauguzi, walimu, mabinamu watatu waliotunga kitu jikoni kwao. Watazamaji huwa tisa, siku njema kumi na watano, na nusu yao ni shangazi za waigizaji. Mama Mlango aliwapokea wote kama wageni wa harusi, akawaonyesha viti vyenye miguu mizima.

Kazi yake kubwa ilianza taa zikizimwa. Aliketi kiti cha nyuma kabisa na kujaza karatasi ya watazamaji, yenye safu tatu: wamecheka mara ngapi, wamepiga makofi mara ngapi, wangapi wametoka kabla ya mwisho. Kila asubuhi ofisi huichapa na kuibandika ubaoni, na kwa hesabu hiyo kamati huchagua michezo ya kurudiwa wiki ya pili. Mama Mlango hakuziamini safu hizo hata siku moja, kwa hiyo aliandika pembeni. "Vicheko kumi na vinne, kumi ni vya mama mzazi wa mfalme." "Makofi ya katikati ni kwa sababu walidhani umekwisha." Na ile ninayoipenda zaidi: "Babu wa kiti cha pili alikoroma zamu ya mzimu ilipofika. Watu walidhani ndio mzimu wenyewe, wakaogopa vizuri." Ukisoma maneno hayo ulikiona chumba kizima.

Sasa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kwa miaka kumi na minane imesemwa katika ofisi hii kwamba Mama Mlango ndiye aliyeuua mchezo wa fundi cherehani. Mfanyakazi mpya huambiwa habari hiyo kabla hajaonyeshwa choo kiliko. Husemwa kwamba mama yule ana roho ya korosho, kwamba alimpa mgane wa watu sifuri tatu bila kupepesa macho. Nimeyasikia hayo kwenye chumba cha chai mara nisizoweza kuhesabu, nikaendelea kukoroga sukari yangu. Ni uongo, na anayejua kuwa ni uongo ni mimi.

Fundi huyo alifiwa na mkewe, akatunga mchezo juu ya miezi minne ya mwisho ya ugonjwa. Yeye aliigiza nafsi yake, shemeji yake akamwigiza marehemu dada yake. Jukwaani palikuwa na cherehani na kitanda, basi. Ilikuwa Jumatatu saa kumi alasiri, watazamaji kumi na mmoja. Hakucheka mtu, hakutoka mtu, na mchezo ulipokwisha hakupiga makofi mtu. Mama Mlango akaandika sifuri, sifuri, sifuri, kama safu zilivyomtaka. Kisha akaandika pembeni: "Hawakupiga makofi kwa sababu mikono ilikuwa usoni. Taa zimewashwa na hakuna aliyeinuka. Bwana wa kiti cha saba ameomba aketi kidogo, mkewe naye alikwenda hivyo hivyo. Nimewaacha robo saa. Mchezo huu urudiwe."

Mchapaji nilikuwa mimi. Nilikuwa mwezi wa tatu wa majaribio, mtoto mchanga nimemwacha na homa kwa mama mkwe. Kanuni ilitaka safu tu. Maneno ya pembeni niliyachapa yakinichekesha au nikiwa na nafasi, na asubuhi ile sikuwa na nafasi. Hakuna aliyeniamuru niyaache. Niliyaona, nikayaacha, nikabandika sifuri tatu ubaoni na kwenda kupiga simu nyumbani.

Kabla ya saa sita kamati ilikuwa imeuondoa mchezo ule na kuwapa nafasi wachekeshaji wenye vicheko thelathini na kimoja. Fundi alisoma ubao huku amebeba mfuko wa mavazi begani. Akamwendea Mama Mlango mbele ya watu, akamuuliza amemkosea nini. Mama Mlango akautazama ubao, akaona kilichokosekana. Kisha akanitazama mimi, nimesimama dirishani na gundi mkononi. Mwaka ule ofisi ilikuwa imekwisha kuwafukuza wachapaji wawili kwa makosa madogo kuliko langu, na yeye alilijua hilo. Akamwambia fundi amsamehe.

Jioni alipita mezani kwangu. Aliniambia, kwa sauti ya chini, mwanangu siku nyingine uwe unachapa yote. Kisha akauliza kama homa ya mtoto imeshuka. Tangu siku ile hakuligusa tena jambo hilo, wala mimi sikuligusa. Nilithibitishwa kazini, nikapandishwa cheo, nikapandishwa tena. Yeye alibaki mlangoni na jina baya, na fundi hakutunga tena. Kila Mama Mlango alipompelekea nguo za kushona, fundi alimwambia kazi zimemjaa.

Ijumaa kamati itamkabidhi cheti cha unadhifu na kuwahi kazini. Huo ni ukoka tu, kilemba hakuna. Miaka ishirini na sita ameketi akiwatazama watu wanavyoguswa, na katika kamati hamna hata mmoja aliyewahi kuketi naye. Msimu ujao mlangoni pake patawekwa kisanduku chenye vitufe vitatu: uso unaocheka, uso mkavu, uso ulionuna. Anayelia atabonyeza wapi, sijui.

Wiki iliyopita niliichimbua karatasi ile katika majalada ya zamani, nikampelekea fundi. Aliisoma amesimama, akairudia. Akauliza nani aliyechapa. Nikamwambia ni mimi. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema watu wale kumi na mmoja amewachukia miaka kumi na minane, na mmoja wao ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Nilimwomba aje Ijumaa. Akasema hana uso wa kumtazama yule mama, akarudi kwenye cherehani.

Nilimweleza Mama Mlango kwamba nimekwenda, na kwamba nitaandika yote humu. Hakufurahi. Alisema fundi sasa mikono inamtetemeka, hata sindano anatungiwa na bintiye, mchezo hautaandikwa tena. Akaniuliza itamsaidia nani. Naandika hata hivyo.

Basi, Mama, kwa niaba ya ofisi nakushukuru kwa miaka ishirini na sita, na tunakutakia maisha mema, yenye afya na mapumziko uliyoyatolea jasho. Kwa niaba yangu mwenyewe nakuomba radhi, mbele ya hawa wote watakaokupigia makofi Ijumaa. Wamekusema vibaya miaka yote hii, na mimi niliwasikia, na ningeweza kuwanyamazisha kwa neno moja.