Salimbay Aliyeuzwa Vipande

Msimuulize mtu mwingine, niulizeni mimi, maana nilikuwepo tangu maji yalipochemka mpaka birika lilipokauka, na hata alichowaza Temyong nilikiona usoni mwake kabla hajakiwaza. Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa mnazi juu ya matofali, mbele ya kiduka cha Aling Ising, hapa mtaani kwetu Lipa, Ufilipino. Limeng'arishwa na makalio ya watu tangu enzi zile marehemu mumewe alipokuwa akikodisha vitabu vya katuni. Alivitundika kwenye uzi. Unalipa, unasoma papo hapo, huondoki nacho. Wote waliokaa asubuhi ile walijifunza kusoma hapo, na waliyekuwa wakimsoma ni Salimbay, mwanamke wa mabawa ya shaba, upanga mkononi, anayeshuka mawinguni kuwatandika majambazi. Alikuwepo Jenerali, aliyekuwa mlinzi wa benki mpaka benki ikahama bila kumwambia. Alikuwepo Dokta, ambaye wagonjwa wake wote ni feni. Na alikuwepo Temyong, dereva wa pikipiki yenye kigari ubavuni, mkono mmoja umeshika kikombe kitupu, wa pili umekandamiza mfuko wa shati.

Aling Ising alikuwa ndani, nyuma ya wavu wa chuma, amelikumbatia birika kama mtoto mchanga.

— Leo hakuna kahawa. Hakuna hata tone, mpaka Salimbay arudi.

— Salimbay yupi? akauliza Jenerali, haraka mno.

— Sanamu ya plastiki ya Rodel, ile ya kuunganisha, yenye viungo vya kubadilisha. Mwanangu meli yake imetia nanga, anafika leo na basi la adhuhuri. Kanipigia simu: "Mama, lile sanduku chini ya kitanda usiliguse, ni Salimbay, nimemtafuta bandari zote." Na mimi nishamuuza!

— Umemuuzia nani?

— Ningejua ningekaa hapa nawatazama nyinyi? Nimemuuza rejareja.

Hakuna aliyeshangaa. Aling Ising anauza kitunguu saumu punje moja moja, siki anaifunga kwenye vifuko, sigara anatoa moja na kiberiti anakuazima. Na Rodel kila akiwa baharini hutuma masanduku ya sabuni na makopo kwa ajili ya duka.

— Nimefungua, nakuta mikono sita na vichwa viwili. Mimi nimezaa, najua mtu ana mikono mingapi. Nikasema hii ni bidhaa.

— Hapo hujakosea, alisema Dokta.

— Nimekosea! Baiskeli yake niliuza. Gitaa lake niliuza. Viatu vyake vya shule niliuza kimoja kimoja. Akaapa, nikiuza kitu chake kingine atapanga chumba mjini, nyumbani atakuwa anakuja kama mgeni. Mume nimezika. Mnataka nizeeke na nani, na nyinyi?

Jenerali hawezi kunyamaza kwa muda mrefu, anaumwa mbavu.

— Hili ni genge, alisema. Genge la Manila. Linatuma watu wanunue kipande kipande ili mwenye duka asishtuke. Nikiwa benki nilizisoma mbinu zao zote.

— Benki ilihama umesimama mlangoni.

— Usinitoe kwenye mada, Dokta.

— Genge hakuna. Tatizo ni yale mabawa. Plastiki ile ukiipasha moto inanasa mawimbi. Kuna mtu anajenga mtambo. Leo anasikiliza mechi, kesho anasikiliza simu za mkeo.

— Za mke wangu? Ataisikiliza bei ya nguruwe mpaka azimie.

— Cheka tu.

— Na mikono sita, je? Mikono inakwenda ng'ambo. Madaktari wanajifunzia kushona vidole.

— Vidole vidogo kuliko punje ya mchele, Jenerali?

— Ndiyo maana wanaitwa mabingwa!

Temyong aliona mazungumzo yanasogea karibu na vichwa, akajitosa.

— Labda ameruka, alisema. Ana mabawa. Kachoka kukaa sandukuni, kajiondokea zake.

— Akaacha mwili? aliuliza Aling Ising, akautoa mwili wa Salimbay uliokuwa ukining'inia katikati ya vifuko vya shampuu. Huu hapa, hakuna aliyeutaka. Na kichwa kilichonuna nacho kipo. Nani atoe pesa anuniwe? Huko majumbani mnanuniwa bure. Kilichouzwa ni kile kinachotabasamu.

Kilichouzwa kilikuwa kinamchoma Temyong kifuani, kwenye mfuko wa shati. Wiki nzima alikuwa amekibandika kwenye pikipiki, kando ya picha ya Bikira Maria, na kila akiwasha injini anakisalimia. Tangu mkewe aende Kuwait kulea watoto wa watu, hakuna uso mwingine uliokuwa ukimchekea asubuhi.

— Lakini mama, wewe humwoni mteja? Jenerali aliuliza.

— Nitamwonea wapi? Aling Ising alionyesha kitundu cha wavu. Mimi naona mkono na pesa. Sura zenu nimeshazisahau.

Halafu akaduwaa na kidole chake kwenye kile kitundu.

— Mikono, alisema taratibu. Mikono yenu naijua. Haya, ingizeni, mmoja mmoja.

Jenerali alicheka peke yake. Temyong alisema kuna abiria anamwita, akaenda kwenye pikipiki, akainama kujaza upepo tairi lililokuwa limejaa.

Dokta akaingiza mkono.

— Dole gumba limeungua kwa waya. Mabawa ni wewe!

— Nilikuwa nachunguza tu.

— Kachunguze na namna ya kuyaleta.

Yakaja yamefungwa kwenye redio, na kweli yalikuwa yananasa mechi. Jenerali naye akaingiza mkono, kifua mbele.

— Pete isiyotoka tangu unenepe. Upanga na mikono!

Upanga Jenerali aliutoa nyuma ya sikio, alikuwa anasafishia masikio.

— Na mikono nimeipanga dirishani, alinong'ona. Wezi waone kuna watu.

Mikono ilipoletwa, wakamuunga Salimbay juu ya kaunta, wakigombana upanga ulikuwa mkono gani kwenye kitabu, kila mmoja akiapa kwamba alisoma kwa macho yake, hapo hapo alipokaa. Walipomaliza alisimama mzima, mabawa yamefunguka, kichwa kimenuna. Na Rodel akatokea na mkoba mdogo begani.

Alimtazama mama yake. Akamtazama Salimbay.

— Mama.

— Nimemuuza vipande vipande, mwanangu, mpaka mikono. Lakini wamemrudisha.

Rodel akamwinua, akamgeuza huku na huku, kisha akaligeukia benchi.

— Shikamooni, wazee wangu. Hivi mkono wa plastiki mtu anaununua wa nini?

Dokta alikuna dole lake. Jenerali alitazama juu, kwenye ule uzi wa vitabu, ambao hakuna aliyewahi kuufungua.

— Na kichwa kinachotabasamu? Vilikuwa viwili.

Kule kwenye pikipiki, Temyong alizidi kuliinamia tairi.

— Chumba mjini nimeshakiona, alisema Rodel, na mkoba mkubwa uko huko. Lakini Salimbay simwachi amenuna. Nalala hapa mpaka kichwa kipatikane. Hata kama ni likizo nzima, mama, nitalala hapa.

Aling Ising akaushika wavu kwa vidole vyote.

— Bado Temyong! akadakia Jenerali, msaliti yule. Temyong hajakaguliwa!

Ikabidi Temyong aje. Aliufikiria mkono wake wa kulia, wenye kovu la mnyororo wa pikipiki ambalo mtaa mzima unalijua, akaingiza wa kushoto. Aling Ising aliushika, akaugeuza, akauangalia muda mrefu kuliko yote. Ndani ya mfuko kile kichwa kiliendelea kutabasamu.

— Mkono huu siujui, alisema.

Akauwekea kikombe, akaumiminia kahawa mpaka juu. Birika likakohoa, likakauka.

— Na sisi? akalia Jenerali.

— Nyinyi wezi.

Rodel alilala nyumbani likizo nzima, kila asubuhi anachungulia chini ya benchi. Sasa yuko baharini, hanisikii, kwa hiyo nirekebishe jambo moja. Yote niliyosema niliyaona, isipokuwa ule mkono wa kushoto. Huo nimeutia mimi, kumsitiri mama wa watu. Temyong, kwa kiwewe, aliingiza wa kulia, kovu likiwa juu.