Rubani wa Kuyeyusha Barafu

Ughaibuni kwenye baridi, ndani ya treni iendayo Hässelby, kituo cha mwisho, Bi Dafrosa, mjane, alikuwa akisali rozari yake kimoyomoyo. Hakutega sikio, lakini Kiswahili ugenini hujiingiza chenyewe.

"Rubani mzima weye, kazi yako kuyeyusha barafu kwenye mabawa ya ndege?" alicheka mzee mmoja Mrundi, akimtazama kijana aliyeketi mbele yake.

"Leseni yangu ya Dar hapa hawaitambui, mzee wangu. Mpaka nifanye mitihani yote upya."

"Na mama yako anajua?"

Kijana aliinama. "Ndege ikipita juu ya Karagwe, anatoka nje kupunga kanga. Juzi kanipigia: 'Leo umepita chini chini, baba, nimekuona.' Nikamjibu, nami nimekuona, mama."

Mzee hakucheka tena, na Bi Dafrosa akasahau amefika Salamu Maria ya ngapi.

"Sasa anaumwa," kijana akaendelea. "Hospitali ya Mwanza haendi, mpaka nije nimbebe kwa ndege yangu."

"Mpigie. Sasa hivi, kabla hatujashuka," mzee akamhimiza.

Kijana akapiga, spika ikiwa wazi. Simu ikaita, ikapokelewa.

"Baba," ilisema sauti nyembamba ya kikohozi, "uko angani?"

Kijana akafumbua mdomo. Kabla hajajibu, treni ikasimama, milango ikafunguka, na huo ndio ulikuwa mwisho wa reli.