Wimbo Usiopumua

Kwenye treni ya asubuhi, mwanamke aliyempakata mtoto alimsikia fundi cherehani akimwambia di-jei aliyeketi kando yake, "Kumbe ni wewe uliyeuharakisha ule wimbo wa roki wa marehemu kaka yangu! Mbona humo hapumui?"

"Pumzi nilizikata zote, mzee wangu. Zinapoozesha mdundo."

"Saluni ya jirani ikiupiga, mama yetu hutoka mbio nje, miguu mitupu. Anauliza mwanawe anakimbizwa na nani."

Mwanamke, ambaye alishaucheza harusini mpaka kiatu kikakatika, akageukia dirishani.

"Rudisha pumzi moja tu, kijana."

"Nikirudisha, mzee, watu watasimama katikati ya dansi."

"Si wasimame!"

Iliyosimama ni treni. Di-jei akashuka.